Kweli au Si Kweli: Ushujaa na Uungwana Kama Tunavyousimulia Mpanda

Kashaulili iko katikati ya Manispaa ya Mpanda, na katikati ya mji ndiko Katavi nzima hukutana. Mpimbwe ameleta mchele, Mkonongo ana asali yake kwenye dumu, Msukuma ametoka mnadani, Mfipa na Muha wana biashara zao, na wenye asili ya Burundi wameingia asubuhi kutoka Katumba. Jioni, kazi zikipoa, watu hukaa vijiweni: kwa muuza kahawa, kwa kinyozi, kwenye egesho la bodaboda. Mazungumzo huanza na mpira, hupita kwenye siasa, na mara nyingi huishia palepale: mwanaume wa kweli ni yupi, shujaa ni nani, uungwana umekwenda wapi.

Siyachukulii mazungumzo haya kuwa porojo. Kijana wa miaka 17 aliyekaa pembeni akisikiliza bila kusema neno anajifunza pale ni kitendo gani kitamletea heshima, na siku ikifika atakitenda. Kwa hiyo nimezichukua kauli zinazorudiwa sana, nikazipima moja baada ya nyingine kwa maswali mawili: nani amelindwa, na gharama kailipa nani?

"Shujaa ni aliyeua simba."
*Ilikuwa kweli. Si kweli tena.*

Naanza na hili kwa sababu ni letu. Katika vijiji vya Mpimbwe, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wafugaji wa Kisukuma walioanza kuhamia huko miaka ya 1970 walikuja na desturi ya kumtuza mtu aliyeua simba. Muuaji huvaa mavazi ya ngoma, hubeba ngozi au kiungo cha mnyama, akapita kaya kwa kaya akicheza, watu wakimfuata nyuma. Kila kaya humpa chochote, na mwenye mifugo hutoa ng'ombe. Akimaliza mzunguko wake, kijana aliyeondoka nyumbani mikono mitupu anaweza kurudi akiwa na mwanzo wa zizi lake mwenyewe.

Desturi hii ilikuwa na akili ndani yake, na wanaoidharau hawajalala kwenye kijiji ambacho simba anazunguka maboma usiku. Mnyama akishazoea zizi moja, kesho yuko zizi la jirani, na keshokutwa anamkuta mtoto njiani. Mtu mmoja alitangulia na mkuki akijua huenda asirudi, na walionufaika walikuwa wote. Ng'ombe aliyepewa ilikuwa shukrani ya kijiji kwa hatari aliyoibeba peke yake. Ukiyauliza yale maswali mawili, unapata jibu zuri: wamelindwa jirani, gharama kaibeba yeye.

Kilichobadilika ni nani anamfuata nani. Emily Fitzherbert, Monique Borgerhoff Mulder, ambaye amekuwa akifanya utafiti Mpimbwe tangu miaka ya 1990, na wenzao walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kazi yao juu ya mauaji haya. Waligundua kwamba wapo waliokuwa wameacha kulipiza kisasi cha ng'ombe aliyeliwa. Walikuwa wakiwaendea simba porini, hata ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa, ili wapate cha kuchezea ngoma. Simba aliyekuwa kwake, hajagusa zizi la mtu, ameuawa kwa ajili ya zawadi. Hapo aliyelindwa hayupo. Gharama wameilipa wanakijiji waliotoa ng'ombe wao kumshukuru mtu kwa hatari ambayo haikuwahi kuwafikia, na imelipwa pia na hifadhi yenye kilomita za mraba 4,471 ambayo simba ni sehemu ya uhai wake.

Sehemu ya hadithi hii ninayoipenda zaidi ni waliochukua hatua. Kupitia mradi ulioitwa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, wazee wa Kisukuma, sungusungu na viongozi wa vijiji walikaa na kukubaliana kwamba aliyeua simba bila kisa asichezewe wala asituzwe. Fikiria mkutano wa namna hiyo. Mzee anasimama mbele ya ukoo wake, pengine mbele ya mpwa wake mwenyewe aliyekwisha kujipamba kwa ngoma, anasema huyu tusimpe kitu. Hakuna atakayemtungia wimbo kwa kusema hivyo. Kwangu mimi, shujaa wa Mpimbwe ni yeye.

"Jasiri haogopi."
*Si kweli.*

Asiyeogopa huenda hajaiona hatari. Anayenipa somo ni yule aliyeiona vizuri, akaiogopa, na bado akabaki mahali pake.

Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, lilivamiwa na watu wenye bunduki wa al-Shabaab. Abiria walijua kinachokuja. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, basi lingine la eneo hilohilo lilisimamishwa, wasio Waislamu wakatenganishwa na wenzao, na watu 28 wakauawa. Safari hii washambuliaji walitoa amri ileile: Waislamu wakae upande huu, wengine upande ule. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamekwisha kuwagawia wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa, na wote wakakaa pamoja wakiwaambia wavamizi waue wote au waondoke.

Miongoni mwao alikuwa mwalimu, Salah Farah. Alipigwa risasi, akalazwa, na Januari 2016 akafariki. Serikali ya Kenya ilimtunuku nishani baada ya kifo chake, na mkasa wenyewe ukatengenezewa filamu fupi, *Watu Wote*, iliyokuwa kati ya zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Siamini kwamba kulikuwa na hata mmoja kwenye basi lile ambaye magoti hayakumtetemeka. Na hakuna aliyehitaji kuwa na nguvu za mwili. Walichofanya ni kubaki pamoja na kukataa kutenganishwa.

"Mwanaume jasiri halii."
*Si kweli, na ushahidi unatoka Kibaoni.*

Mwishoni mwa Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mtoto wa Kibaoni, huku kwetu Mpimbwe, alilia ndani ya Bunge. Miaka ile watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kukatwa viungo, kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Siku chache kabla, akiwa ziarani, alikuwa ametamka kwamba anayekutwa akimuua mwenye ualbino naye auawe. Wabunge wakamhoji: kiongozi aliyeapa kuilinda Katiba anawezaje kuruhusu watu wauane bila mahakama? Alipokuwa akijieleza, machozi yakamshinda.

Wapo waliomcheka kijiweni na wapo waliosema ameiaibisha nchi. Naona walikosea cha kulaumu. Machozi yale yalikuwa halali. Mtu aliyesikia habari za watoto waliokatwa mikono wakiwa hai na akabaki na macho makavu ndiye wa kuulizwa maswali. Iliyokuwa na kasoro ni kauli ya kwanza, ile yenye sauti ya kiume tunayoishangilia, kwa sababu inaelekea kulekule inakoelekea kauli inayofuata.

"Mwano ukilia, mwanaume hutoka na rungu."
*Kutoka, kweli. Rungu, inategemea linamwangukia nani.*

Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walikuwa wamechoka. Ng'ombe waliibwa kwa makundi, polisi walikuwa mbali, na wanakijiji wakajipanga wenyewe kwa pinde na mishale. Mwano, yaani ukelele wa kuomba msaada, ukilia, kila mwanaume alitakiwa atoke. Asiyetoka alitozwa faini. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Wasukuma waliokuja Katavi walikuja na utaratibu huo, na hadi leo kijiji ambacho watu bado wanaitikia mwano ni kijiji ambacho mjane analala usingizi.

Lakini tazama kinachotokea mjini. "Mwizi! Mwizi!" Kijana anakimbia, anakwaa, anaanguka. Wa kwanza kumfikia anajua kisa, wa pili anajua nusu, na kuanzia wa kumi hakuna anayejua lolote. Anaona mtu yuko chini na yeye anaongeza teke lake. Mmoja ameshatoka mbio kutafuta tairi. Kesho gazeti litaandika "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ndiyo iliyoua. Hamsini kwa mmoja aliyelala chini: katika hao hamsini, nani amehatarisha kitu? Hakuna. Na aliyelindwa ni nani? Mwenye simu iliyoibwa hata hayupo pale.

Jasiri wa siku hiyo ni yule anayeingia katikati na kuuliza kwa sauti: kaiba nini, na nani kamwona? Hili lina mbinu zake, na inafaa vijana wazijue. Waite watu kwa majina yao. "Baba fulani, wewe umeona?" Mtu akishaitwa jina mbele ya wenzake hukumbuka kwamba kesho atakutana na wewe dukani. Mtume mmoja kwa mwenyekiti wa mtaa, mwingine apige 112. Tafuta mwenye mali, msimamishe aseme mwenyewe. Na usiende peke yako kama unaweza kuvuta wawili. Watatu waliosimama pamoja ni vigumu kuwasukuma.

Ugumu huongezeka pale anayetuhumiwa ni bibi kizee. Katavi ni kati ya mikoa ambayo imelia kwa mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Mtoto kaugua, mganga kapiga ramli, jina limetajwa, na jina hilo mara nyingi ni la mwanamke mjane, mzee, mwenye macho mekundu kwa miaka hamsini ya moshi wa jikoni, na mara nyingine mwenye kiwanja au shamba ambalo kuna anayelitamani. Sheria ya Uchawi inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, lakini sheria iko mjini na bibi yuko peke yake usiku. Kijana anayemwambia baba yake mkubwa, "Mzee, shikamoo, na kwa heshima zote, kwa bibi huyu hatuendi," anaweka rehani urithi wake, nafasi yake kwenye ukoo, pengine hata usalama wake. Sijui ushujaa mwingine mkubwa kuliko huu katika mkoa wetu kwa sasa.

"Zamani wanaume walikuwa waungwana, hatari ikija, wanawake na watoto kwanza."
*Si kweli, kwa sehemu kubwa.*

Kauli hii tumeirithi kutoka baharini, na tukaikuta tena kwenye filamu ya *Titanic*. Katika meli ile, iliyozama Aprili 1912, kama robo tatu ya wanawake walipona, na wanaume waliopona ni kama mmoja kati ya watano. Watu wakaamini kwamba ndivyo mabaharia walivyokuwa.

Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, Mikael Elinder na Oscar Erixson, walichapisha uchunguzi wa ajali 18 za meli katika karne tatu, zilizohusisha watu zaidi ya 15,000. Kwa wastani wanawake walipona kwa kiwango cha kama nusu ya wanaume. Waliopona zaidi walikuwa mabaharia wenyewe, na manahodha waliwazidi abiria wao. *Titanic* ilikuwa tofauti na nyingi ya hizo, na kisa kimojawapo ni kwamba nahodha alitoa amri na maofisa wakaisimamia.

Hilo la amri ndilo ninalolishika. Wale wanaume hawakuwa na damu tofauti na ya wengine. Palikuwa na mtu mwenye mamlaka aliyesema waziwazi nani anatangulia. Wenye boti zetu za Ziwa Tanganyika, makondakta wa mabasi ya Sumbawanga na Tabora, walimu wakuu wa shule za bweni: moto ukiwaka au chombo kikianza kuingiza maji, uungwana wa abiria utategemea sana sauti yao katika dakika ile ya kwanza. Kuhusu babu zetu kuwa bora kuliko sisi, hakuna ushahidi, na wazee wakweli wanalikubali hilo ukiwauliza faraghani.

"Ushujaa ni wa wanaume wenye silaha."
*Si kweli.*

David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Waliokuwa naye wangeweza kumzika palepale na kutawanyika. Aliyewaajiri alikuwa amekufa na hakukuwa na wa kuwadai lolote. Wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauvika magome ya mti na kitambaa, wakaubeba kuelekea pwani. Walipita Ufipa, jirani zetu hawa, hadi Unyanyembe, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Katika msafara alikuwemo Halima, mpishi, ambaye masimulizi mengi humtaja kwa mstari mmoja tu.

Mahali paitwapo Kasekera wenyeji walikataa maiti isipite. Wapagazi hawakupigana. Walijifanya wamekubali kurudi nyuma, wakafunga mabua ya mtama kwa umbo la maiti na kuyavika sanda, watu wachache wakayabeba kwa huzuni kurudi walikotoka, na usiku wakayatupa porini. Mwili wenyewe wakaukunja na kuufunga kama robota la nguo, ukapita pamoja na mizigo mingine. Hakuna aliyeumizwa. Walipofikisha mzigo pwani walilipwa ujira wao wakaambiwa kazi imekwisha. Tunamkumbuka Mtemi Mirambo kwa wapiganaji wake, ruga-ruga, na ni haki tumkumbuke. Lakini miezi tisa ya kubeba, kuugua njiani na kufikiri ilikuwa na ushujaa ambao shule zetu zingeweza kuufundisha kwa muda mrefu zaidi ya zinavyofanya.

"Kumpisha mwanamke kiti ni mambo ya kizamani."
*Si kweli, lakini muulize kwanza.*

Kwenye treni ya kwenda Tabora, daraja la tatu, mama anapanda na mtoto mgongoni, ndoo mkononi na begi kichwani. Inuka. Mzee akipanda, inuka. Kijana wa kiume mwenye mguu mbovu akipanda, inuka vilevile. Kanuni inaangalia nani amelemewa, na mwanamke mwenye afya njema naye ainuke inapomlazimu. Ukitaka kumsaidia msichana mzigo, sema, "Dada, nikushikie?" Akikataa, ishia hapo. Anayenyang'anya begi kwa lazima halafu anadai namba ya simu alikuwa na biashara nyingine tangu mwanzo.

"Baba muungwana humstiri binti yake kwa kumwoza mapema."
*Si kweli.*

Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16, Katavi iliongoza nchi nzima: wasichana 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito. Wastani wa nchi ulikuwa 27. Utafiti wa 2022 ulionyesha Katavi imeshuka hadi 34, huku wastani wa nchi ukiwa 22. Tumeshuka, na bado tuko mbali.

Baba anayeoza mapema huwa anaogopa aibu, na namwelewa. Shule iko mbali, binti amepangiwa chumba karibu na shule, geto kama wanavyoita wenyewe, analala na wenzake wawili bila mtu mzima, na njiani kuna bodaboda anayempa lifti leo, chipsi kesho. Baba anaona bora ng'ombe wa mahari kuliko mimba ya bure. Lakini piga tena yale maswali mawili. Aliyelindwa ni jina la baba. Aliyelipa ni binti wa miaka 15, kwa mwili wake na kwa miaka yake yote iliyobaki.

Rebeca Gyumi alilipeleka jambo hili mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono hukumu ya kwanza. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayempa mwanafunzi mimba akakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Na Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba msichana aliyekatizwa masomo kwa ujauzito anaweza kurudi shule.

Sheria zipo. Panapohitajika ujasiri ni nyumbani, pale shemeji wa mtuhumiwa anapokuja usiku na bahasha ili "tuyamalize kifamilia". Baba anayeirudisha bahasha ile na asubuhi akaenda kituoni atasemwa mtaa mzima. Mama anayemrudisha binti darasani na kubaki na mjukuu mgongoni atasemwa zaidi. Na dereva wa bodaboda anayemchukua mwanafunzi jioni, akamshusha mlangoni kwao, akamsalimu mzazi na kuondoka: huyo ni muungwana wa kiwango cha juu kabisa, na wako wengi Mpanda ambao hawatajwi kwa sababu ya sifa mbaya ya wenzao.

"Shujaa hujitokeza tu, haandaliwi."
*Nusu kweli.*

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Wavuvi walifika na mitumbwi yao mapema. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alieleza jinsi alivyotumia kasia kwenye mlango wa ndege, na jinsi alivyopoteza fahamu akijaribu kuwafikia marubani. Watu 24 waliokolewa, 19 walikufa. Jackson alipewa shilingi milioni moja na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Nchi ilimshangilia mtu mmoja, na alistahili. Lakini mitumbwi ilikuwa mingi, na wenye mitumbwi hawakuwa na kitu zaidi ya makasia na kamba. Ile nafasi ya kazi na mafunzo, kwa maoni yangu, ilikuwa zawadi bora kuliko fedha, maana inakiri kwamba moyo peke yake una kikomo chini ya maji.

Huku kwetu ajali ya kila wiki haiangukii ziwani. Ni mama aliyeshikwa na uchungu saa nane usiku, damu zinatoka, barabara ina tope, na zahanati haina gari. Zamani waliitwa wanaume wanne na machela. Leo kuna mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Aliye kwenye mfumo hupokea simu, hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa kawaida wa jirani aliyekwisha kusajiliwa, ambaye hulipwa kwa safari hiyo. Mwenye gari Kashaulili anayetaka kuwa mtu wa maana kwa jirani zake anaweza kuanzia hapo, kwa kuulizia halmashauri namna ya kujiandikisha. Asiye na gari aiweke namba kwenye simu yake na ya mkewe usiku wa leo. Ni 115, na kupiga ni bure.